Neno Moja, Ahadi Moja: Mwongozo Kamili wa Kupanga Maneno Tengwa ya Lugha ya Programu

Msimu wa karafuu uliopita, darasa letu la jioni hapa Chake Chake lilipata kazi ya kweli kwa mara ya kwanza. Tulikuwa tumetunga kilugha kidogo cha programu chenye maneno ya Kiswahili, ili watoto waanze kuiamrisha kompyuta kwa lugha wanayoiotea ndoto. Mama wa mwanafunzi wetu mmoja akaleta daftari lake la wachumaji: kila mtu na pishi zake kwa siku. Alitaka jumla tu, apate kuwalipa watu haki yao.

Kwa mchumaji wa kwanza tukaandika hivi:

```
pishi = [4, 5, 3, 6, 5, 4]
jumla = 0
rudia siku kutoka 1 mpaka 6
    jumla = jumla + pishi[siku]
mwisho
andika jumla
```

Jibu likatoka 27. Mama akahesabu kwa vidole, akaridhika. Siku ya pili yake kijana mmoja aliyekuwa amejifunza kukata orodha, yaani kuchukua kipande chake, akaufupisha msimbo ule ukawa mstari mmoja:

```
andika jumlisha(pishi[1 mpaka 6])
```

Jibu likatoka 23. Pishi nne za siku ya sita zimepotea, na jasho la mtu limepotea pamoja nazo. Kijana hakukosea kuandika hata herufi moja. Kosa lilikuwa langu mimi niliyepanga lugha: kwenye `rudia`, neno `mpaka` nililifanya liihesabu na namba ya mwisho, kwenye kukata orodha niliiga desturi ya lugha ya Python, ambako namba ya mwisho haihesabiwi. Binti aliyekaa mbele akauliza, "Maalim, sasa mpaka ni mpaka upi?" Usiku ule sikuwa na jibu la kumpa. Niliyoyaandika hapa ndiyo jibu, na nimeyaandika kwa ajili ya yeyote anayetunga lugha ya programu, iwe ya kufundishia watoto, ya kuandikia kanuni za duka, au lugha kubwa yenye watu wengi.

Kwanza tuelewane jina. Maneno tengwa ni yale ambayo lugha imejitengea yenyewe, na mwandishi wa programu haruhusiwi kuyatumia kama jina la kitu chake: `if` (ikiwa), `for` (rudia), `return` (rudisha) na wenzao. Lugha ya Go ina 25 tu. C ya mwaka 1989 ilikuwa na 32. COBOL ina mamia. Wingi si kipimo cha ubora. Kipimo ni hiki: mtu aliyejifunza neno mahali pamoja, je, anaweza kubashiri litafanya nini mahali ambapo hajawahi kuliona?

Hatua ya kwanza: andika ahadi ya kila neno kwa sentensi moja

Kabla hujagusa kichanganuzi, yaani sehemu inayousoma msimbo na kuamua kila neno lina kazi gani, chukua karatasi. Andika neno, kisha mbele yake andika linaahidi nini. Sentensi iwe moja, na isiwe na "au" katikati. Ukijikuta unaandika "hufanya hivi, au likiwa ndani ya kile hufanya vile", hapo una maneno mawili yaliyovishwa kanzu moja.

Jaribu zoezi hili kwa `static` ya lugha ya C. Ndani ya fankisheni (kipande cha msimbo kinachoitwa kifanye kazi yake), neno hili linafanya kibadilika, yaani jina lililobeba thamani, kihifadhi thamani yake baina ya wito mmoja na mwingine. Nje ya fankisheni, linalificha jina lisionekane na mafaili mengine. Na tangu toleo la mwaka 1999, ukiliweka ndani ya mabano ya mraba ya kigezo cha fankisheni, linaahidi kwamba safu itakayoletwa ina angalau idadi fulani ya vitu. Sijui mtu anayeweza kuzifunga kazi tatu hizo kwa sentensi moja ya kweli. Mwanafunzi hana la kufanya ila kukariri.

Sasa lichukue `final` la Java. Nalo linakaa mahali patatu: kwenye kibadilika, haliruhusu kupewa thamani nyingine, kwenye mbinu (fankisheni iliyo ndani ya klasi, yaani kiolezo cha kutengenezea vitu), haliruhusu klasi ya chini kuiandika upya, kwenye klasi, haliruhusu klasi nyingine kuirithi. Mahali patatu, lakini ahadi moja: *hili limekwisha, halibadilishwi tena kuanzia hapa*. Ukilijua moja, mengine unayabashiri. Ahadi yenyewe ina ufa, maana kibadilika cha `final` chenye orodha ndani yake hakizuii orodha kuongezwa vitu. Kilichofungwa ni jina, si mzigo. Wanaoanza hujikwaa hapo sana. Kwa hiyo andika na ufa wa kila ahadi pembeni ya karatasi, kwani utauhitaji utakapofika kwenye kuandika ujumbe wa makosa.

Hatuhitaji kwenda mbali kujifunza namna neno dogo linavyoweza kushika ahadi yake. Tazama viambishi vya vitenzi vyetu. Mtoto wa miaka mitatu wa Wete akishajua *rudi* na *rudisha*, *lala* na *laza*, *kula* na *lisha*, akikutana na kitenzi kipya anakitengenezea usababishi mwenyewe, na mara nyingi anapatia. Sauti inabadilika kidogo, lakini kazi haibadiliki: kumfanya mwingine atende. Neno la kuongezea sifa katika lugha ya programu lifanye kazi kama kiambishi hicho. Lolote utakalolibandika nalo, lifanye jambo lile lile.

Hatua ya pili: chagua maneno kwa masikio ya watu wako

Ukitunga lugha kwa maneno ya Kiingereza, wengi wamekwisha kukuchagulia. Ukitunga kwa Kiswahili unaanza upya, na kosa la kwanza ni kuchukua kamusi na kufasiri. Ngoja nikupitishe kwenye maneno yaliyotusumbua sisi, maana kila moja lina somo lake.

`kama`. Ndilo la kwanza linalomjia mtu kwa ajili ya sharti: `kama pishi > 5`. Lakini *kama* pia ni neno la kufananisha, na siku tulipotaka kugeuza maandishi yawe namba, mtu akapendekeza `soma jibu kama namba`. Inasomeka vizuri kabisa! Lakini tungeikubali, neno hilo lingekuwa na kazi mbili: kuuliza na kugeuza. Tukalichagua `ikiwa` kwa sharti, kwa sababu kazi kubwa ya *ikiwa* katika Kiswahili ni kuweka sharti, na halifananishi kitu.

`sivyo`. Tulilitaka liwe njia ya pili ya sharti: ikiwa hivi, fanya hivi; sivyo, fanya vile. Lakini mwanafunzi akaona kwamba linaweza kusomeka kama kukanusha: `ikiwa sivyo tayari`. Hivyo `vinginevyo` likashika njia ya pili, na `si` likashika ukanushi. Ni refu, ndiyo. Urefu unaumiza vidole mara moja, utata unaumiza kila msomaji.

`acha`. Hili ni zuri la kufikiria. Lugha nyingi zina `let` la kutambulisha kibadilika, na mfasiri wa haraka ataandika `acha x = 5`. Msemaji wa Kiswahili akisikia *acha* anasikia *usifanye*. Ni kweli tunasema "niache nile", lakini pekee, kama amri, *acha!* ni kusimamisha. Mtoto anaambiwa *acha* mara ishirini kwa siku, na hakuna hata mara moja aliyoambiwa aanze kitu. Kibadilika chetu hakina neno la kukitambulisha. Jina na alama ya sawasawa vinatosha.

`toka`. Tulilipenda kwa kuvunja mzunguko. Kisha tukakumbuka kwamba tumeshatumia `kutoka` kwa mwanzo wa hesabu, na kwamba katika mazungumzo *toka* na *kutoka* zote zinaanzisha: toka asubuhi, kutoka Mkoani. Maneno mawili yanayofanana hivyo, moja la kuanza na moja la kumaliza, ni mtego. Tukachukua `ondoka`.

`na`. Hili ndilo lililotushughulisha zaidi. Katika Kiswahili *na* linaunganisha (chumvi na ndimu), linaonyesha mtendaji (ameitwa na bibi), na linaonyesha kuwa na kitu (nina, una). Tulikuwa tumeliruhusu kwenye mantiki, `ikiwa a > 3 na b > 3`, na pia kwenye kuita fankisheni, `ita eneo na 4, 5`. Jaribu kuviweka pamoja: `ikiwa ita kubwa na 4 na b > 3`. *Na* la pili ni la nani? Kichanganuzi kinaweza kuamua kwa kanuni, lakini msomaji atakisia tu. Tukaliacha `na` kwenye mantiki peke yake, na fankisheni zikaitwa kwa mabano kama hisabati ya skuli.

Na usijaribu kulifanya "-a" la unganifu kuwa neno tengwa. Tulijaribu, na mwanzo ulikuwa mtamu: `urefu wa orodha`. Kisha ikaja `idadi ya siku`, `jina la mchumaji`, `kichwa cha habari`, na neno moja likawa na sura nyingi kulingana na ngeli. Ukiruhusu `wa` tu, lugha yako inawalazimisha watu waseme "jina wa mchumaji" na watoto wanacheka. Ukiruhusu zote, umetenga maneno mengi kwa kazi moja, na bado kuna atakayekosea ngeli akadhani amekosea programu. Nukta inatosha: `mchumaji.jina`.

Hatua ya tatu: `mpaka`, au namna ya kutoa hukumu kwenye ukingo

Nalipa neno hili hatua yake peke yake kwa sababu kingo ndiko ahadi zinakovunjikia zaidi, katika lugha yoyote ile.

Sikiliza tunavyolitumia. Ukimwambia kondakta unakwenda mpaka Wete, Wete imo, hakushushi kabla. Ukisema upo kazini Jumatatu mpaka Alhamisi, Alhamisi imo. Lakini Ramadhani tunafunga mpaka Magharibi, na Magharibi ikiingia tu tende iko mdomoni: Magharibi haimo. Shambani nako, mpaka ni ule mstari wenyewe, na mkarafuu ulioota juu yake umegombanisha ndugu wengi.

Lugha za programu nazo hazikuafikiana. Katika Pascal, `for i := 1 to 10` inafika kumi. Katika Python, `range(1, 10)` inaishia tisa. Ruby inaandika `1..10` na kumi imo, na `1...10` kumi haimo. Swift inaandika `1...10` na kumi imo! Nukta tatu zile zile, maana mbili zinazopingana. Edsger Dijkstra, mwanasayansi wa kompyuta wa Uholanzi, aliandika mwaka 1982 kutetea njia ya kuuhesabu mwanzo na kuuacha mwisho, na hoja zake ni nzito: urefu wa kipande unapatikana kwa kutoa mwanzo kwenye mwisho, na vipande viwili vinavyofuatana vinaungana bila kugongana. Naziheshimu hoja hizo. Lakini Dijkstra alikuwa akizungumzia alama za hisabati. Ukitumia alama una uhuru wa kuipa maana unayotaka. Ukitumia neno ambalo watu wamelelewa nalo, masikio yao yameshakufunga.

Basi nikamrudia mwenye daftari. Nikamwonyesha ule mstari mfupi na kumsomea: jumlisha pishi kutoka siku ya kwanza mpaka ya sita. "Mama, hapo siku ya sita imo au haimo?" Akanitazama kama niliyeuliza kama jua limechomoza. "Mwanangu, ukinambia mpaka ya sita, ya sita nimeilipa."

Hukumu ikatoka pale pale. `mpaka` huhesabu mwisho, popote litakapokaa: kwenye mzunguko, kwenye kukata orodha, kwenye kuchagua namba ya bahati, kwenye tarehe. Anayetaka kuuacha mwisho ana neno jingine lisilo na shaka, `kabla ya`:

```
rudia siku kutoka 1 kabla ya 6
andika pishi[1 kabla ya 6]
```

Kuna aliyependekeza `hadi` liwe la kuuacha mwisho na `mpaka` liwe la kuuhesabu. Nilikataa kwa nguvu zote. Kwa masikio yetu *hadi* na *mpaka* ni pacha. Ukiwapa pacha kazi tofauti, kila mtu atawachanganya. Maneno yanayotofautiana kazi yatofautiane na maana.

Ukishaamua ukingo wa kawaida, nenda kwenye kingo za ajabu. `kutoka 10 mpaka 1` ifanye nini? Kishawishi ni kuifanya ihesabu kwa kushuka, kwa vile ni dhahiri mwandishi alivyokusudia. Usikubali. Fikiria `rudia i kutoka 1 mpaka idadi`, na siku hiyo hakuna mchumaji aliyekuja, `idadi` ni 0. Kama `mpaka` linaweza kushuka lenyewe, mzunguko utapita mara mbili, kwa 1 na kwa 0, ukitafuta wachumaji wasiokuwepo. Inavyotakiwa ni usipite hata mara moja. Pascal ililiona hili zamani na kuweka neno la pili, `downto`. Sisi tuna `kutoka 10 kushuka mpaka 1`, na `mpaka` bila `kushuka` halishuki kamwe.

Hatua ya nne: chora jedwali

Andika maneno tengwa yote kwenye safu ya kushoto. Juu andika mahali pote ambapo neno linaweza kutokea: ndani ya mzunguko, ndani ya sharti, ndani ya fankisheni, ndani ya fankisheni iliyo ndani ya fankisheni, kwenye ngazi ya juu ya faili, ndani ya mabano ya orodha. Kisha jaza kila chumba. Majibu yanayokubalika ni mawili: *linatimiza ahadi yake ile ile*, na *haliruhusiwi hapa, na ujumbe wa kosa ni huu*. Hakuna jibu la tatu. "Linakubaliwa lakini halifanyi kitu" ni la kufutwa. Mwandishi ataliweka, litakaa kimya, naye ataamini limefanya kazi.

Jedwali letu lilikuwa na vyumba zaidi ya mia na lilichukua jioni tatu. Ni kazi ya kuchosha, na ndiyo iliyotupa faida kubwa kuliko zote.

Jedwali litakufichulia pia maneno yanayobadilika tabia kimyakimya. Katika Python `else` linakubalika baada ya `for`, na linatekelezwa pale mzunguko unapomalizika bila kukutana na `break`, neno la kuvunja mzunguko. Watu wengi wakiliona mara ya kwanza hudhani linatekelezwa pale mzunguko usipopita hata mara moja, kwa sababu kwenye `if` walijifunza kwamba `else` ni njia ya pili. Na `this` la JavaScript hutegemea fankisheni imeitwaje, si imeandikwa wapi. Mwaka 2015 lugha hiyo iliongezewa fankisheni za mshale ambazo hulichukua `this` la pale zilipoandikwa. Zimewasaidia wengi, lakini sasa neno hilo lina kanuni mbili, na msomaji lazima aangalie kwanza fankisheni ni ya aina gani.

Hatua ya tano: maneno ya kuondoka

Maneno kama `break`, `continue` (ruka uende kwenye pito linalofuata la mzunguko) na `return` yana swali ambalo mengine hayana: yanaondoka *wapi*? Kila lugha ina kuta, na neno la kuondoka linatoboa baadhi ya kuta na kusimamishwa na nyingine. Andika waziwazi ukuta upi ni wa neno lipi.

C iliamua kwamba `break` linavunja mzunguko na linavunja `switch` pia, yaani kauli ya kuchagua tawi moja kati ya mengi. Halivunji `if`. Ukiwa na `if` ndani ya `switch`, iliyo ndani ya mzunguko, mtu aliyechoka anaweza kuandika `break` akidhani anatoka kwenye kitu fulani, kumbe anatoka kwenye kingine. Tarehe 15 Januari 1990 mtandao wa simu za masafa marefu wa AT&T huko Marekani uliyumba kwa muda wa saa 9 hivi, na chanzo kilikuwa `break` moja iliyokaa pabaya namna hiyo katika programu ya C ya mitambo ya kuunganishia simu. Kila mtambo uliojiwasha upya uliwaangusha majirani zake. PHP nayo ilikwenda njia yake: huko `continue` ndani ya `switch` hufanya kazi kama `break`, hata toleo la 7.3 la mwaka 2018 likaanza kumwonya mwandishi anapoliandika.

Suluhisho letu lina sehemu mbili. `ondoka` linatoka kwenye `rudia` tu. Na `chagua` yetu, iliyo sawa na `switch`, haihitaji neno la kuondokea, maana kila tawi linaishia lilipoishia, kama ilivyo katika Go na Swift. Kwa hiyo `ondoka` ndani ya `chagua` iliyo ndani ya `rudia` linavunja mzunguko, bila swali. Mizunguko ikiwa miwili, mmoja ndani ya mwingine, unaupa jina ule unaoutaka:

```
rudia wiki kutoka 1 mpaka 4 uitwao nje
    rudia siku kutoka 1 mpaka 6
        ikiwa mvua[wiki][siku]
            ondoka nje
        mwisho
    mwisho
mwisho
```

Kuhusu `rudisha`, yaani kurudisha jibu la fankisheni: linamaliza fankisheni iliyo karibu zaidi, hata kama ni ile ndogo isiyo na jina. Ruby ina aina mbili za vipande vya namna hiyo, na `return` katika kimoja humaliza kipande chenyewe, katika kingine humaliza mbinu nzima iliyokizunguka. Wajuzi wake wanalitetea hilo kwa sababu nzuri. Mimi nafundisha watoto, na nimechagua ukuta mmoja.

Hatua ya sita: tenga machache, na fikiria kesho

Kila neno unalolitenga unamnyang'anya mwandishi. Usitenge `jina`, `siku`, `idadi`, `bei`. Hayo ndiyo majina anayoyahitaji kila siku. Java ilipolitenga `enum` mwaka 2004, programu zilizokuwa zimelitumia kama jina la kibadilika hazikukubaliwa na kompaila mpya, yaani programu inayougeuza msimbo uweze kuendeshwa na kompyuta. Python 3.7 ya mwaka 2018 ilipolifanya `async` kuwa neno tengwa kamili, maktaba zilizokuwa na kigezo chenye jina hilo zikavunjika. Ndiyo maana kishawishi cha kulitwisha neno la zamani kazi mpya ni kikubwa, na ndivyo maneno kama `static` yanavyozaliwa.

Njia ya kati ni neno linalotengwa mahali pake tu. Python 3.10 ilifanya hivyo kwa `match` mwaka 2021: mwanzoni mwa kauli ya aina yake ni neno la lugha, kwingine bado unaweza kulitumia kama jina. Inafaa kwa lugha yenye watumiaji tayari. Kwa lugha mpya nakushauri usiianze, kwani neno lenye uraia wa nchi mbili ni gumu kumweleza anayeanza. Bora utenge mapema maneno matano sita unayohisi utayahitaji na uyaache bila kazi, kama Java ilivyoyaweka `goto` na `const`.

Hatua ya saba: wape watu karatasi, si kompyuta

Andika vipande vifupi vya msimbo, mistari mitatu minne, kila kimoja kikiwa na neno lililofundishwa lakini mahali ambapo halijafundishwa. Wape watu wabashiri kitakachotoka, kila mtu kimya na kalamu yake. Kompyuta ikiwepo watajaribu, wataona jibu na kulikubali. Unataka kujua wanachokitarajia kabla hawajaambiwa. Majibu yakigawanyika, neno halina ahadi. Yakikubaliana lakini yakapingana na kompaila yako, rekebisha kompaila.

Wachague na wasiojua programu kabisa. Mwenye daftari la karafuu alinifaa kuliko wanafunzi wangu wote, kwa sababu hakuwa na desturi ya Python kichwani.

Hatua ya nane: kubadilisha baada ya watu kuzoea

Ukigundua kosa baada ya programu kuandikwa, kubadilisha tabia ya neno ghafla ni kuvunja ahadi mara ya pili. Go walionyesha njia yenye adabu. Kwa miaka mingi kibadilika cha `for` kilikuwa kimoja kwa mzunguko mzima, jambo lililowapoteza wengi walipokipeleka kwenye fankisheni za baadaye. Toleo la 1.22 la Februari 2024 lilikifanya kiwe kipya kwa kila pito la mzunguko, lakini tabia mpya inatumika tu kwenye moduli (fungu la msimbo) iliyotangaza yenyewe kwamba inatumia toleo hilo au la baadaye. Msimbo wa zamani ukabaki kama ulivyo.

Nasi tukaiga. Faili lenye mstari wa kwanza `toleo 2` linafuata `mpaka` mpya. Faili lisilo na mstari huo linaendelea na tabia ya zamani, lakini kila `mpaka` iliyo ndani ya mabano ya orodha inatoa onyo lenye namba ya mstari na maneno haya: "Hapa namba ya mwisho haihesabiwi. Katika toleo 2 itahesabiwa. Ukitaka isihesabiwe, andika kabla ya." Onyo linasema kilichopo, kitakachokuja na cha kufanya, na mtoto wa darasa la sita analisoma akalielewa.

Faili la kwanza kuhamishwa lilikuwa la daftari la karafuu. Yule kijana aliyeufupisha msimbo ndiye aliyeandika `toleo 2` juu yake kwa mkono wake. Tukaendesha njia zote mbili, ndefu na fupi, kwa kila mchumaji, ukurasa kwa ukurasa, huku mama akifuatilia kwa kidole. Kwa mchumaji wa kwanza zote zilisema 27.